Nataka kugombea udiwani Pemba: nianzie wapi?

"Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu miaka 34, naishi Mkoa wa Kaskazini Pemba. Nalima mwani, na huu mwaka wa sita ni katibu wa kikundi chetu cha hisa chenye wanawake 28. Nimesoma hadi kidato cha nne. Tangu uchaguzi wa 2025 wenzangu wananambia nijitayarishe kwa udiwani wa wadi yetu mwaka 2030, maana shida zetu za pwani hakuna anayezisema. Kadi ya chama ninayo lakini si kiongozi. Nilipomgusia mume wangu hakukubali wala hakukataa, alinyamaza tu. Mama mkwe anasema dini haikubali. Chamani naambiwa ningoje viti maalum kwa sababu wadi ni ya wanaume, na jirani yangu kasema fomu haipokewi bila ya barua ya mume na cheti cha chuo. Pesa sina. Nianzie wapi, na niende wadi au viti maalum?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Swali lako lina maswali sita ndani yake, na lililo zito zaidi hukulitamka: unataka kujua kama jambo hili linawezekana bila ya kuvunja nyumba yako wala kuchafua jina lako. Linawezekana. Tena una kitu ambacho wagombea wengi hawana, nacho ni muda. Anayeanza kujipanga miezi mitatu kabla ya fomu kutolewa huwa ameshachelewa, kwa sababu yale yanayoamua nani awe mgombea yanakuwa yamekwisha zamani.

Nianze na jirani yako, kwani maneno kama yake yamewarudisha nyuma wanawake wengi. Hakuna fomu ya uteuzi, iwe ya chama au ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, yenye nafasi ya idhini ya mume. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa kila Mzanzibari haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, na inakataza ubaguzi, wa jinsia ukiwemo. Cheti cha chuo nacho hakimo. Kinachotakiwa ni mgombea ajue kusoma na kuandika, na kidato chako cha nne kinatosha na kubaki. Umri umeshapita kiwango cha chini. Ambacho jirani hakukwambia ni kwamba lazima uwe umeandikishwa katika daftari la wapiga kura, na lazima upendekezwe na chama chenye usajili kamili. Mgombea binafsi kwetu hayupo. Mahkama ya Rufaa ya Tanzania ilikataa jambo hilo mwaka 2010, na ingawa Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, sheria imebaki pale pale.

Basi mlango ni chama, na hapo ndipo wanawake wazuri wengi wanapopotelea. Mwanamke anasifiwa kisimani, harusini na kwenye hitma. Kila mtu anamwambia "wewe ndiye". Siku ya kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea wake, inafika, anahesabiwa kura tisa, anarudi nyumbani akiamini kaibiwa au kasalitiwa na wanawake wenzake. Mara nyingi hakuna aliyemsaliti. Waliomsifu hawakuwa wapiga kura wa siku ile. Kura za maoni hupigwa na wanachama wenye kadi hai waliomo katika daftari la tawi, au na wajumbe wa mkutano fulani tu, kutegemea kanuni za chama na nafasi inayoombwa. Watu elfu wanaweza kukupenda, na wasiwe na kura hata moja mahali inapohitajika kwanza.

Chukua kikundi chako cha wanawake 28. Kaa peke yako na daftari, uandike: wangapi wana kadi ya chama chako? Katika hao, wangapi wamo katika tawi lililo ndani ya wadi unayoitaka? Wangapi wamelipa ada? Usishangae 28 wakageuka sita. Na hapa nakupa onyo ambalo ni zito kuliko linavyoonekana: kikundi cha hisa cha Pemba karibu kila mara kina watu wa vyama tofauti, na kinasimama kwa sababu ndani ya kikao cha hisa chama hakizungumzwi. Usikigeuze kikundi kuwa timu yako. Siku utakayosimama kwenye kikao cha hisa kuomba uungwe mkono, nusu ya wanachama watajiona wageni, na mwisho wa mzunguko watachukua fedha zao waondoke. Utapoteza kikundi, na pamoja nacho ule ushahidi kwamba unaweza kuongoza watu wasiofanana nawe.

Kuhusu wadi au viti maalum, nitakwambia kwanza kila kimoja kinavyofanya kazi, kisha maoni yangu.

Viti maalum viliwekwa kwa sababu majimboni na kwenye wadi wanawake walikuwa hawapiti. Katika Baraza la Wawakilishi viti hivyo ni asilimia 40 ya viti vya majimbo, kwa hiyo kwa majimbo 50 ni viti 20. Mabaraza yetu ya madiwani nayo yana madiwani wanawake wa viti maalum. Vinagawiwa vyama kufuatana na matokeo ya uchaguzi, na chama ndicho kinachopeleka majina. Mwananchi wa kawaida hapigi kura kumchagua mwenye kiti hicho. Anayechagua, au anayepanga nani awe juu na nani awe chini katika orodha, ni wajumbe wa jumuiya ya wanawake na vikao vya juu vya chama: UWT kwa CCM, Ngome ya Wanawake kwa ACT-Wazalendo, BAWACHA kwa CHADEMA. Faida yake ni kweli. Unaingia barazani, unajifunza kusoma bajeti, unajulikana. Hasara yake pia ni kweli. Huna eneo lako la uchaguzi, na nafasi yako inategemea orodha ambayo wewe huiandiki. Ukiwaudhi wakubwa, muhula ujao jina linashuka.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Rais Samia Suluhu Hassan. Aliingia siasa za uwakilishi mwaka 2000 kwa kiti maalum katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2010 aligombea ubunge wa Jimbo la Makunduchi, akashinda. Mwaka 2015 akawa Makamu wa Rais, na Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais. Utazame mpangilio huo. Kiti maalum kilikuwa ngazi ya kwanza, na baada ya miaka kumi alitoka akaenda kuomba kura za watu. Wanaobaki kwenye ngazi hiyo hiyo muhula baada ya muhula hawafanyi kosa la kisheria, lakini wanamzibia njia mwanamke mwingine ambaye angeianzia hapo.

Kwa hali uliyonieleza, ushauri wangu ni wadi. Sababu ni kwamba wanaokusukuma ni watu wa wadi, na shida unazotaka kuzisema ni za wadi. Wajumbe wa jumuiya ya wanawake ngazi ya wilaya na mkoa hawakujui, na kujulikana nao kuna gharama ya safari na vikao ambayo huna. Anayekwambia "wadi ni ya wanaume" anakueleza mazoea, hakuelezi sheria. Ila usivitukane viti maalum hadharani. Soma kanuni za chama chako kama zinaruhusu kuomba vyote viwili kwa wakati mmoja, na kama haziruhusu, fanya uamuzi mapema na usimame nao. Mtu anayehama dakika ya mwisho huonekana hana hakika na nafsi yake.

Sasa tawi, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nenda ofisi ya tawi au ya jimbo uombe katiba ya chama na kanuni za uteuzi wa wagombea. Usikubali kusimuliwa. Zisome mwenyewe, upige mstari mahali panaposema nani anapiga kura ya maoni ya udiwani na nani ana kauli ya mwisho. Utaona kwamba kura za maoni hazimalizi jambo: vikao vya juu huweza kumpitisha wa pili na kumwacha wa kwanza. Ndiyo maana mgombea anahitaji kujulikana pia na wale watakaokaa kwenye vikao hivyo, na kutokuwa na doa la nidhamu ndani ya faili lake. Kanuni hizi hubadilishwa kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, kwa hiyo ulichosoma leo ukisome tena 2029. Lipa ada yako, na stakabadhi uiweke. Wako waliokatwa kwa sababu ya ada ndogo isiyo na karatasi.

Halafu ugombee nafasi ndani ya chama. Vyama hufanya chaguzi zao za ndani katikati ya muhula. CCM ilifanya 2017 na 2022, ACT-Wazalendo ilifanya 2024. Ulizia ya chama chako ni lini, maana huo ndio uchaguzi wako wa kwanza. Chagua nafasi kwa akili. Wanawake tukishakuwa wanachama hodari hupewa kamati ya mapokezi na chakula, tukatoa jasho siku nzima huku maamuzi yanafanywa chumba cha pili. Wewe una ujuzi wa ukatibu, basi omba ukatibu. Katibu wa tawi ndiye anayeshika daftari la wanachama, ndiye anayeandika muhtasari, ndiye anayejua nani kadi yake imekufa na nani amehama. Ukikosa, omba ujumbe wa mkutano wenye kura. Daima jiulize swali moja kabla ya kukubali cheo: je, kina kura au kina kazi tu?

Utakutana na tatizo la saa. Mikutano ya chama huitishwa bila ya kutazama bahari. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka sana, maji hutoka asubuhi, na wanawake wa mwani wako pwani mpaka adhuhuri wakifunga mbegu kwenye kamba na kuvuna, kisha wanabeba na kuanika. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu hauna mwanamke wa pwani hata mmoja, na watakaokaa pale wataandika "wanawake hawakuhudhuria". Kama mjumbe, omba jambo dogo: mikutano ipangwe siku za maji mafu, bahari inapojaa na kutoka kidogo, baada ya alasiri, na imalizike kabla ya magharibi. Peleka kalenda ya bamvua ya mwezi, uionyeshe. Ombi hili halimpingi mtu, wanaume wavuvi nao watalishukuru, na litaingiza wanawake wengi kikaoni kuliko hotuba yoyote kuhusu usawa.

Kisha watu wa wadi. Nyumba nne kwa wiki kwa miaka mitatu ni ziara 624. Hakuna mkutano wa hadhara unaolingana na hilo. Usiende kuomba kura, maana wakati wa kampeni una mipaka yake na utaonekana una pupa. Nenda kwenye msiba, kwa mgonjwa, kwa mzazi, kwa mtu aliyekwama na cheti cha mtoto. Ukirudi andika: shehia gani, shida gani, nani anashughulikia. Kama thamani ya nyumba moja unaiona ndogo, kumbuka Chake Chake. Wanawake wa Zanzibar hawakuruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957. Walipiga mara ya kwanza Januari 1961, na katika uchaguzi huo huo kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu.

Jifunze pia mipaka ya kazi unayoiomba. Diwani anapitisha bajeti ya baraza lake, sheria ndogo, ada na tozo za masoko. Anasimamia mambo kama usafi na taka, na anahoji fedha zilitumikaje. Hapangi bei ya mwani. Anayekwambia uahidi bei atakuponza, maana mwaka mmoja baadaye utaitwa muongo na wanawake wale wale. Lakini ukisema utadai baraza litenge fedha kwa ajili ya vichanja vya kuanikia na njia ya kupitisha gari mpaka pwani, hapo umesema jambo la diwani. Jizoeze kulisema kwa dakika tatu: shida ni hii, imetupotezea hiki, baraza lina uwezo wa kufanya hili. Lisemee jikoni mpaka lisikutetemeshe sauti. Kwenye mkutano wanawake hupewa nafasi ya mwisho watu wameshaanza kusimama, na dakika tatu zilizopangwa vizuri husikika hata hapo.

Karatasi zimewaangusha wengi kuliko kura. Chukua kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi, kadi yako ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chama, uviweke mezani kimoja ubavuni mwa kingine, usome jina herufi kwa herufi. Kwetu ni kawaida kabisa mtu kuwa Fatma hapa na Fatuma pale, babu akawa Abdalla kwenye karatasi moja na Abdulla kwenye nyingine. Siku ya kurejesha fomu mpinzani anaweza kuleta pingamizi kwamba aliyependekezwa na chama siye aliyemo kwenye daftari. Kurekebisha jina kunachukua safari na barua, ya sheha ikiwemo, kwa hiyo lifanye sasa wakati hakuna foleni. Na kama uliolewa ukahama shehia, hakikisha uandikishaji wako ulihama pamoja nawe. Sheria ya uchaguzi ya Zanzibar inatazama ukaazi, na wanawake ndio wanaohama zaidi kwa sababu ya ndoa, kwa hiyo ndio wanaokutwa wamebaki kwenye daftari la kwao walikozaliwa.

Fomu yenyewe utakapoipata, soma kwanza nakala, ujaze kwa penseli, kisha ujaze ya asili. Makosa yanayojirudia ni haya: mdhamini aliyetia saini si mpiga kura wa eneo hilo, au amemdhamini na mgombea mwingine, saini ya chama ipo lakini muhuri haupo, tamko halikuthibitishwa mbele ya anayestahiki kulithibitisha. Tafuta wadhamini zaidi ya idadi inayotakiwa, na uwahakiki mmoja mmoja kwenye daftari. Na mwisho wa kurejesha hutajwa kwa saa. Atakayefika robo saa baada ya hapo atakuta mlango umefungwa, na hakuna udhuru wa dalada utakaomsaidia. Rejesha siku moja kabla.

Pesa. Usiuze dhahabu yako, usikope kwa riba, na usiguse sanduku la kikundi hata kwa siku mbili. Mpinzani wako hatahitaji kashfa nyingine. Weka shilingi 5,000 kila wiki kwa jina lako. Kwa wiki 208 za miaka minne ni 1,040,000. Hazitakufanya tajiri, lakini zitalipa fomu, picha, nakala, nauli na muda wa simu, na hutalazimika kuomba kwa mtu atakayekudai kitu baadaye. Kugawa sukari, kanga na fedha usikuanze. Ni rushwa, na mbali ya sheria, anayeshindana kwa kugawa hushindwa na mwenye mfuko mkubwa zaidi, ambaye mara nyingi si mwanamke. Watu wa kukubeba watakuja kwa muda wao: kijana wa kuandika, mwenye pikipiki, mama wa kukushikia watoto. Hesabu misaada hiyo kama fedha, maana ndiyo mtaji wako.

Nije kwa mume wako. Kunyamaza kwake usikutafsiri haraka kuwa ni kukataa. Kwa Mpemba wa umri wake siasa ina kumbukumbu nzito. Baada ya uchaguzi wa 1995 watu walisusiana maduka na hata mazishi kwa ajili ya chama, na Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano. Maridhiano na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya wananchi ya Julai 2010, yalipunguza makali, lakini hofu haikutoka nyumbani kwa kura moja. Huenda anajiuliza nani atakuja kuvunja mlango usiku, na wewe unadhani anafikiria nani atapika. Mfungulie mazungumzo kwa mambo yaliyo mbele yake: nitatoka siku zipi, nitarudi saa ngapi, nitafuatana na nani, watoto watakuwa kwa nani, fedha ya nyumba haitaguswa. Mwombe akuwekee masharti yake, na yale yanayokubalika myaandike kichwani nyote wawili. Mtu wa kumtumia, kama mazungumzo yamekwama, ni kaka yake au mzee anayemheshimu. Usimtume kiongozi wa chama, maana akija huyo itakuwa mashindano ya wanaume wawili juu yako.

La dini nalisema kwa adabu, kwa sababu mama mkwe hakulitunga. Kuna hadithi iliyopokewa na Abu Bakra kuhusu watu waliompa mwanamke utawala wao, na wanavyuoni wengi wameitumia kuzuia mwanamke kushika utawala mkuu. Lakini wanavyuoni hao hao wamehitalifiana kuhusu yaliyo chini ya hapo, na wapo wengi wanaoona kwamba kuwakilisha watu na kutoa ushauri ni mlango mwingine. Diwani ni mjumbe wa baraza la kushauriana. Siku ya Hudaibiya, masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, Mtume (SAW) aliingia kwa mkewe, Bi Umm Salama (RA), akasikiliza rai yake, akaifanyia kazi, na jambo likatulia. Usimjibu mama mkwe kwa mjadala. Nenda naye kwa sheikh mnayemwamini nyote wawili, au Ofisi ya Mufti, na swali liwe mahsusi: "Je, inafaa mwanamke kuwa diwani akichunga stara na wajibu wa nyumba yake?" Swali la jumla la "mwanamke na uongozi" hupata jibu la jumla.

Jitayarishe na matusi. Mwanaume akigombea huulizwa sera, mwanamke huulizwa alikuwa wapi usiku. Usijibu kwa hasira kwenye makundi ya simu. Piga picha ujumbe, namba na tarehe vionekane, ukabidhi kwa mtu mmoja unayemwamini ayatunze. Matusi na picha za kutengenezwa yanaweza kushitakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na kama mtu yeyote ndani ya chama, kwa kauli au kwa kidokezo, akiweka mwili wako kuwa bei ya jina lako kupita, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa, na aibu ni yake. Mikutano na viongozi ifanye ofisini, mchana, ukiwa na mwenzako. Ukipata ujumbe wa namna hiyo usiufute hata kama unakuchefua. Unapelekwa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, au polisi kwenye dawati la jinsia.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliyatoshi. Kama ukimya wa mume utageuka kuwa tishio la talaka au mkono, usingoje chama kikutetee. Baada ya uchaguzi wa 2015 ziliripotiwa hapa Zanzibar habari za wanawake walioachwa kwa sababu ya kura tu waliyopiga, kwa hiyo jambo hili si la kubuni. Muone mwanasheria mapema, kabla hamjafika Mahkama ya Kadhi, ili ujue haki zako za matunzo, watoto na mali mliyochuma pamoja. ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, na Kituo cha Huduma za Sheria ndio mahali pa kuanzia, na wasaidizi wa sheria wamo katika shehia nyingi. Kwa mafunzo ya kusema hadharani na kujipanga kugombea, TAMWA Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, na PEGAO, jumuiya ya Pemba, wamekuwa wakiwafundisha wanawake wa Pemba wa vyama vyote. Waulize mafunzo yajayo ni lini, na uombe kukutanishwa na mwanamke aliyegombea akashindwa. Huyo atakueleza mambo ambayo aliyeshinda ameshayasahau. Ukiletewa pingamizi ya uteuzi, hapo muda wa kujibu ni mfupi mno: nenda kwa mwanasheria siku hiyo hiyo, na karatasi zote mkononi.

Kwa mwezi huu nakuomba ufanye safari moja tu. Maji mafu yakiingia, siku ambayo huna mwani wa kuvuna, nenda ofisi ya wilaya ya Tume ya Uchaguzi na kitambulisho chako na kadi yako ya kura. Uliza jina lako linasomekaje kwenye daftari, na liko wadi gani. Andika jibu, tarehe, na cheo cha aliyekujibu. Ukirudi pitia tawini ulipe ada, uchukue stakabadhi.